Sura ya Saba: Chini ya Turubai la Msiba

Uwanja wa Uhuru, ule mkongwe ulioko Temeke ubavuni mwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, ni mahali pa furaha katika historia ya nchi yetu. Hapo ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Lakini kwa watu wengi wa rika langu uwanja ule ni wa misiba. Oktoba 1999, ulipokuwa bado unaitwa Uwanja wa Taifa, watu walipanga foleni hapo kumuaga Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki, aliyefariki London tarehe 14 ya mwezi huo. Machi 2021 foleni zilirudi kwa ajili ya John Magufuli, Mkatoliki mwingine, ambaye mwili wake uliletwa uwanjani baada ya misa katika Kanisa la Mtakatifu Petro, Oysterbay. Na tarehe 1 Machi 2024 ikawa zamu ya Mwislamu, Mzee Ali Hassan Mwinyi. Aliswaliwa kwanza Kinondoni, kwenye msikiti wa makao makuu ya BAKWATA, ndipo akaletwa Temeke kuagwa, na kesho yake akazikwa Mangapwani, Unguja.

Mlangoni hakuna aliyeulizwa dini yake. Na jukwaani utaratibu ulikuwa ule ambao kila Mtanzania ameuzoea tangu utoto: shehe anasimama na kuomba dua, anaketi, askofu au padri anasimama na kusali, anaketi, anafuata mchungaji. Kila mmoja na maneno yake, kila mmoja na vazi lake. Tumeuzoea mno utaratibu huu hata hatujiulizi tena Mkristo aliyeketi pale anafanya nini hasa wakati shehe ameinua mikono.

Swali hilo halijitokezi uwanjani, ambako mtu hupotelea katika umati. Linajitokeza Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tandale, kwenye uchochoro wenye turubai moja na viti vya kukodi, ambako kila mtu anamwona mwenzake. Mama Mkristo amekuja kwenye arobaini ya jirani yake. Dua inaanza. Je, atoke nje kidogo kana kwamba ana simu ya kupokea? Akae? Aitikie amina? Akienda kanisani Jumapili, atamwambia mtu alikuwa wapi jana? Waumini wengi hubeba maswali haya kimyakimya kwa sababu wanaogopa majibu ya pande zote mbili: kanisani wataambiwa wamechanganya imani, mtaani wataambiwa wana roho mbaya.

Jibu langu nitalitoa mapema, halafu nilitetee. Nenda. Kaa mpaka mwisho. Ukiomba, omba kama Mkristo. Na siku msiba unapokuwa kwako, usiwafanyie majirani Waislamu jambo ambalo usingependa kufanyiwa kwao.

Kwanza tuangalie misiba ya mji huu inavyokwenda, maana swali linazaliwa humo. Mwislamu akifariki alfajiri Tandika, kwa kawaida ikifika jioni ameshazikwa. Anaoshwa, anavishwa sanda, anaswaliwa, na jeneza linapokezanwa mabegani hadi makaburini. Jirani Mkristo aliyeshinda kazini Posta au Kariakoo anarudi na kukuta mikeka imetandikwa na mazishi yamekwisha. Nafasi yake ya kuomboleza ni siku zinazofuata: matanga, hitma, arobaini. Kwa Wakristo mambo hugeuka. Mwili unakaa mochwari, ndugu wanasubiriwa kutoka Mbeya na Mwanza, kamati inakusanya michango, na mara nyingi safari ni ya Moshi, Bukoba au Songea. Majirani Waislamu waliouguza pamoja na familia hawawezi wote kupanda basi lile. Wanaaga hapohapo mtaani, mbele ya jeneza lililowekwa uani, mchungaji akiongoza ibada. Ndiyo maana katika Dar es Salaam mahali ambapo watu wa dini mbili hukutana msibani mara nyingi si kaburini. Hukutana kwenye kuaga na kwenye kumbukumbu, yaani palepale penye mahubiri marefu na dua ndefu.

Ongeza na hili: familia zenyewe zimechanganyika. Kisarawe na Maneromango, nje kidogo ya mji, wamisionari Walutheri wa Kijerumani walifika mwishoni mwa karne ya 19 katikati ya Wazaramo ambao wengi wao walikuwa Waislamu au walikuwa njiani kuwa Waislamu. Wajukuu wa watu hao wamejaa Temeke leo. Ukoo mmoja una Hamisi na una Yohana, na bibi yao ni mmoja. Bibi huyo akifa, hakuna mtu wa kumwambia Yohana kwamba anahudhuria ibada ya "dini nyingine". Anamzika bibi yake.

Nalijua jibu la wale wanaosema Mkristo asikanyage. Wananukuu agizo la kutofungwa nira na wasioamini, wananukuu vijana watatu waliokataa kuinama mbele ya sanamu ya Nebukadneza, na wanasema mambo yamekwisha. Sidhani yamekwisha. Vijana wale watatu walikuwa wameamriwa kuabudu. Tarumbeta zilipigwa ili wainame, na tanuri liliwashwa kwa ajili ya atakayebaki amesimama. Hitmani hakuna anayekuamuru uabudu. Mwenye msiba amekutandikia mkeka kwa sababu ulimfahamu baba yake. Kama siku moja utaambiwa utamke shahada ndipo ule pilau, siku hiyo vijana watatu wa Babeli watakuwa mfano wako, na utawajibika kuwafuata. Kabla ya hapo, kuwataja ni kuwakosea heshima waliokualika, maana unawafananisha na Nebukadneza.

Maandiko yenyewe yana mfano ulio karibu zaidi na sisi, na nashangaa jinsi tunavyouhubiri mara chache. Katika sura ya 25 ya Mwanzo, Ibrahimu anafariki akiwa mzee aliyeshiba siku. Wanaomzika ni Isaka na Ishmaeli. Kumbuka kilichotangulia: Ishmaeli alifukuzwa nyumbani pamoja na mama yake, akanusurika kufa kwa kiu jangwani. Tangu hapo hatusomi kwamba ndugu hawa wawili walikaa pamoja. Kisha baba anakufa, na majina yao yanatajwa kwa pamoja kwenye pango la Makpela. Biblia haisemi nani alitangulia kuomba. Haisemi kwamba walipatanisha ugomvi wa mama zao, wala kwamba walikubaliana juu ya ahadi ni ya nani. Wote wawili walikuja, wakamzika. Wakristo na Waislamu wa Afrika Mashariki wote humtaja Ibrahimu kuwa baba wa imani yao. Sioni andiko lenye uzito kuliko hili kwa Mkristo wa Keko anayejiuliza kama aende.

Na pango lile lenyewe Ibrahimu alilipata vipi? Mkewe Sara alipokufa, alikuwa mgeni katika nchi ya Wahiti, watu wasiomwabudu Mungu wake. Alisimama mbele yao, akainama kwa heshima, akaomba mahali pa kuzikia, wakajadiliana bei hadharani, akalipa. Habari nzima ya sura ya 23 ni ya mfiwa akihudumiwa na majirani wa imani nyingine, na hakuna mstari unaomlaumu.

Yuko pia Naamani, jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma. Alipoamua kumwabudu Mungu wa Israeli, alimwambia nabii Elisha tatizo lake waziwazi: bosi wake huingia katika hekalu la mungu Rimoni akimwegemea mkononi, naye hulazimika kuinama pamoja naye. Elisha alimjibu aende kwa amani. Ninamtaja Naamani kwa uangalifu, kwa sababu wengine humfanya cheti cha ruhusa ya lolote. Kilichomweka Naamani salama ni kwamba hakuficha. Alitangaza kabla ni nani atakayemwabudu, ndipo akaeleza atakakokuwa amesimama. Mkristo anayekwenda kwenye dua ya jirani akiwa amekwisha kujulikana mtaani kuwa ni Mkristo, anayesali, asiye na mashaka, hamdanganyi mtu yeyote. Anayedanganya ni yule mwenye imani moja kanisani na nyingine hitmani, kila moja kwa ajili ya watazamaji wake.

Pingamizi zito kuliko yote nililowahi kulisoma halikutoka kwetu. Lilitoka New York. Tarehe 23 Septemba 2001, siku 12 baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ilifanyika kumbukumbu kubwa katika Yankee Stadium, na viongozi wa Kikristo, Kiyahudi, Kiislamu, Kihindu na Kisingasinga waliomba wakipokezana. Mmoja wao alikuwa David Benke, kiongozi wa jimbo katika Kanisa la Kilutheri la Sinodi ya Missouri. Wachungaji wenzake wakamshtaki. Mwaka 2002 alisimamishwa huduma, na mwaka 2003 akarudishwa. Miaka kumi baadaye jambo lilijirudia katika sinodi hiyohiyo: mchungaji kijana wa Newtown, mji ambao watoto 20 na watu wazima sita waliuawa kwa risasi shuleni Desemba 2012, alitoa baraka ya mwisho kwenye mkesha wa dini zote, na Februari 2013 akaomba radhi kwa kushiriki.

Ni rahisi kuwacheka watu hao, nami sitaki kufanya hivyo. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Walisema kwamba katika nchi ambayo watu wengi wameanza kuamini kwamba dini zote ni kitu kilekile chenye majina tofauti, mchungaji akisimama jukwaa moja na wengine anauthibitisha uongo huo bila kusema neno. Walisema wafiwa wanahitaji kusikia habari za ufufuo wa Kristo, na ukizipunguza makali ili zikae vizuri pembeni ya maneno mengine, umewanyima chakula wenye njaa. Mkristo asiyeona uzito wa hoja hiyo hajui anachokiamini.

Lakini hoja hiyo inategemea mahali. Jukwaa hupata maana yake kwa watazamaji. Uwanja wa Uhuru hautoi ujumbe ule wa Yankee Stadium, kwa sababu hakuna mtu anayeondoka Temeke akidhani askofu na shehe wamekuwa dini moja. Sisi tunaijua tofauti yao tangu asubuhi: tunaamshwa na adhana, tunapita kengele ya kanisa, tunajua nani anafunga Ramadhani na nani anafunga Kwaresima, tunajua jirani yupi hapewi kitimoto. Watoto wetu wanatenganishwa kila wiki kwenye kipindi cha dini shuleni na kurudi dawati moja baada ya hapo. Katika jamii ambayo tofauti inaonekana hivyo, kuketi pamoja hakufuti tofauti. Kunasema kwamba pamoja na tofauti hiyo tunayoijua, maiti hii ni yetu sote.

Ndiyo maana nautetea utaratibu wa Kitanzania wa kupokezana. Kila kiongozi anaomba sala yake kamili, bila kuikata, na wengine wananyamaza. Papa Yohane Paulo wa Pili alipowaita viongozi wa dini za dunia Assisi, tarehe 27 Oktoba 1986, alilinda mpaka huohuo: walikusanyika ili kusali, lakini hawakutunga sala moja ya wote. Kila dini ilisali mahali pake mjini, kisha wakakutana mbele ya basilika ya Mtakatifu Fransisko na kila kundi likatoa sala yake, wengine wakisikiliza. Kinachonitia shaka ni ile sala mpya inayoanza kusikika kwenye baadhi ya kumbukumbu za maofisini, iliyoandikwa ili isimguse mtu yeyote, isiyo na Kristo wala Mtume, yenye maneno mazuri juu ya nuru na upendo. Sala ile haina mwenyewe. Mwislamu hajasali, Mkristo hajasali, na mfiwa ameondoka mikono mitupu. Ni bora shehe asome Fatiha yake yote na mchungaji ataje jina la Yesu bila kunong'ona.

Machi 2021 kulitokea jambo dogo ambalo kwangu ni somo zuri la adabu hiyo. Tarehe 22, kwenye kumuaga Rais Magufuli katika Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya, Mkatoliki, alikuwa katikati ya hotuba yake adhana ilipoanza kusikika. Akanyamaza. Akasubiri mpaka mwadhini alipomaliza, kisha akaendelea pale alipoishia. Hakuitikia adhana, hakusujudu, hakubadili dini yake kwa dakika hizo. Aliwapa wengine nafasi ya kumsikia Mungu wao akiwa amesimama kwenye kipaza sauti mwenyewe. Watu walishangilia, na sidhani walimshangilia kwa siasa.

Basi na amina? Hapa nitasema kwa kadiri ya dhamiri yangu, na msomaji apime na yake. Dua ya msibani ina sehemu nyingi. Shehe anapomwomba Mungu awape subira wajane, awalee mayatima, aondoe chuki katika nyumba, sioni sababu ya Mkristo kubana midomo. Hayo naye anayaomba kila siku. Inapofika sehemu ambayo ni ungamo la imani asiyo nayo, anyamaze, ainamishe kichwa, awaombee wafiwa kwa maneno yake moyoni. Kuinua viganja na kupangusa uso pamoja na wengine ili asionekane tofauti sikushauri. Majirani Waislamu ninaowafahamu hawakutarajii ufanye hivyo, na mara nyingi wanakuheshimu zaidi usipoigiza.

Ugumu wa kumwombea marehemu hauko baina yetu na Waislamu peke yao. Mkatoliki anamwombea marehemu, anatoa misa ya arobaini, na tarehe 2 Novemba anakwenda makaburini kuwakumbuka marehemu wote. Mlutheri anamshukuru Mungu kwa maisha ya aliyeondoka na kuwaombea waliobaki. Wapentekoste wengi huona kwamba safari ya marehemu imeshafungwa na hakuna neno la kuongeza. Kwa hiyo yule Mpentekoste anayetoka nje hitmani kwa sababu wanamwombea marehemu, kwa mantiki hiyohiyo angetoka nje ya misa ya mazishi ya shangazi yake Mkatoliki. Wengi hawatoki. Wamekwisha kujifunza kukaa katika sala wasiyokubaliana nayo yote, kwa ajili ya mtu wanayempenda. Wanaijua njia, ila hawajaipeleka nyumba ya pili.

Chakula nitakipitia upesi. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho, waliokuwa wakiishi katika mji uliojaa mahekalu, kwamba wakialikwa na asiyeamini wale kinachowekwa mbele yao bila kuhojihoji, ila waijali dhamiri ya ndugu dhaifu. Mashauri yale yangetutosha. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja ulifika mpaka mchungaji akauawa. Tangu siku hiyo simwelewi Mkristo anayelifanya pilau la msibani kuwa uwanja wa vita.

Nimefika kwenye jambo linaloniuma, na hapa nawageukia wachungaji. Msiba ni wa familia ya Kikristo, Temeke. Nusu ya walioketi ni Waislamu: akina mama waliopika tangu juzi, vijana waliofunga turubai na kuleta maji, wazee wa baraza la kahawa alikokuwa akikaa marehemu. Hawawezi kuondoka, kwa sababu adabu haiwaruhusu kuuacha mwili kabla haujaagwa. Mchungaji anashika kipaza sauti. Mara ya kwanza nilipoliona hili nilidhani ni mhubiri mmoja asiye na busara; nimeliona tena na tena, katika madhehebu tofauti. Anaacha kuzungumza na mjane. Anaanza kuzungumza na kofia zilizoko nyuma. Anauliza ni nani kati yao ana uhakika wa kwenda mbinguni. Anasema wazi ni nani watakaokwenda motoni. Kisha anawataka wanaotaka kuokoka wapite mbele, pembeni ya jeneza.

Mimi naamini habari njema ya Yesu Kristo ni kwa ajili ya kila mtu, wale wa kofia za nyuma wakiwemo. Naamini mhubiri hana haki ya kuificha. Katika ibada ya kumuaga Mkristo, atangaze ufufuo, kwa sauti, bila aibu. Majirani walikuja wakijua wanakuja kwenye ibada ya Kikristo. Lakini kuwatangazia wafiwa tumaini ni jambo moja, na kuwavizia wageni waliofungwa na adabu ni jambo lingine. Yesu alipofika Bethania, kwenye msiba wa Lazaro, nyumba ilikuwa imejaa watu waliokuja kuwafariji Martha na Mariamu, na wengi hawakuwa wanafunzi wake. Alizungumza na Martha juu ya ufufuo, ana kwa ana. Alipomwona Mariamu na watu wale wakilia, alilia. Waliomwamini siku ile walimwamini kwa yale waliyomwona akifanya. Mchungaji anayetaka Waislamu wa Temeke wamsikie Kristo ana njia hiyo mbele yake, na ni ndefu kuliko dakika kumi za kipaza sauti.

Kibaya zaidi, tunasahau kumbukumbu ya mji huu. Dar es Salaam imepitia mihadhara ya hadhara ambamo Waislamu na Wakristo walivuana nguo kwa kutumia vitabu vya wenzao, mikutano ya injili yenye vipaza sauti vinavyoelekea msikitini, na kila upande ukihesabu waliohama. Oktoba 2012, Mbagala, ubishi wa watoto wawili juu ya Kurani ulisababisha umati kuvamia na kuchoma makanisa. Watoto wawili waliokuwa wakicheza pamoja. Katika mitaa yenye majeraha kama hayo, msiba ni moja ya mahali pachache ambapo watu bado wanaingia nyumbani kwa wenzao bila kujihami. Mhubiri anayepageuza kuwa mhadhara anapaharibu kwa ajili ya wote watakaofiwa baada yake.

Na lipo deni letu lingine. Mwaka 1998, tarehe 7 Agosti, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani uliokuwa Barabara ya Laibon, Kinondoni. Watu 11 waliuawa, wengi wao Watanzania waliokwenda kazini kama kawaida. Ukisoma majina yao utaona ya Kiislamu na ya Kikristo yamefuatana. Waliotega bomu walidai kufanya hivyo kwa ajili ya Uislamu, na wakaua Waislamu. Kumbukumbu ya watu wale haiwezi kuwa ya dini moja. Ukijaribu kuigawa, utalazimika kuigawanya orodha ya majina. Kwa hiyo wengi wetu tuliwaombolezea kwa pamoja, na ilikuwa haki.

Lakini miezi sita kabla ya hapo, Februari mwaka huohuo, polisi waliwapiga risasi Waislamu waliokusanyika Mwembechai, Magomeni, na watu wakafa. Hapo pia ni Kinondoni, mwendo mfupi tu kutoka Laibon. Makanisa yetu yaliomboleza wapi? Nimezungumza na Waislamu wa umri wangu ambao wanaitaja Mwembechai kama jana, na Wakristo wa umri wangu ambao hawakumbuki hata mwaka. Iko tofauti kati ya kuhudhuria kumbukumbu ambayo Serikali imeiandaa, yenye viti vya mbele na kamera, na kwenda kuketi na watu ambao msiba wao unaifanya jamii yetu ijisikie vibaya. Ya kwanza haitugharimu kitu. Agizo la kulia na wanaolia halikuweka sharti kwamba kwanza tukubaliane nao juu ya sababu ya msiba.

Machi 2021 ilitukumbusha upande wa pili wa umati. Tarehe 21, kwenye kumuaga Magufuli katika Uwanja wa Uhuru, watu 45 walikufa kwa msongamano. Uwanjani walikuwa wananchi waliokuja kumuaga rais wao. Kisha mazishi yao yakatawanyika mitaani, kila familia na dini yake. Sisi wa makanisa tuna orodha nzuri ya waumini wetu wanaofiwa: jumuiya ndogondogo inajua, mzee wa kanisa anapita, rambirambi inapelekwa. Parokia au usharika unaofahamu pia nyumba za Waislamu zilizofiwa mtaani kwake, na kutuma watu wawili watatu kwa jina la kanisa kwenda kuketi, ni nadra. Tunaacha jambo hilo kwa urafiki wa mtu binafsi. Padri au mchungaji akifika mwenyewe, akavua viatu, akaketi mkekani nusu saa, akatoa ubani na kuondoka bila kuhutubia, mtaa mzima utajua asubuhi.

Nimeombwa mara kadhaa na familia zilizochanganyika ushauri wa namna ya kuandaa kumbukumbu, kwa hiyo nitamalizia na mambo ya vitendo. Kinachoamua ni imani ya marehemu, wala si ya mtoto mwenye pesa nyingi. Kama marehemu alikuwa Mwislamu, wanawe Wakristo wasilazimishe ibada ya pili siku ileile. Wakitaka kumshukuru Mungu kwa ajili yake, wafanye hivyo nyumbani kwao au kanisani siku nyingine. Kama alikuwa Mkristo, ndugu Waislamu wapewe nafasi ya kusema, na mzee wao akitaka kuomba dua aombe, kabla au baada ya ibada, na itangazwe hivyo ili asiyetaka kushiriki ajue. Saa ya kuanza ipangwe mbali na swala ya adhuhuri na alasiri, na siku isiwe Ijumaa mchana. Nyama ichinjwe na Mwislamu, na isiwepo nyama ya nguruwe hata kwenye sufuria la pembeni. Mchungaji aelezwe mapema, na mtu wa familia anayeweza kumwambia ukweli, kwamba waliohudhuria ni wa dini mbili, kwamba ana dakika 20, na kwamba mwaliko wa kuokoka hautatolewa siku hiyo. Akisema dhamiri yake haimruhusu kuketi mahali shehe ataomba, asilaumiwe wala asisemwe vibaya. Aombwe aongoze sala ya familia mapema asubuhi, kabla ya watu kufika, na ibada ya mchana aisimamie mwinjilisti au mzee wa kanisa anayefahamiana na majirani wale.